“Risasi Haipenyi”: Risasi Ipi, kwa Umbali Gani, Mara Ngapi?

Novemba 21, 2019, jukwaani karibu na Los Angeles, Tesla walizindua Cybertruck. Mlango ukapigwa nyundo kubwa, haukubonyea. Elon Musk akasema mlango huo unazuia risasi ya bastola ya milimita 9. Kisha mkuu wa usanifu wa magari, Franz von Holzhausen, akarusha mpira wa chuma kwenye dirisha la mbele. Kioo kikapasuka. Akarusha na dirisha la nyuma, nalo likapasuka. Watu wakacheka, video ikazunguka dunia nzima.

Kosa la onyesho lile, kwa maoni yangu, si kioo kupasuka. Hata kama kingebaki kizima, wewe na mimi tungekuwa hatujajifunza chochote kuhusu usalama. Twende kwenye hesabu kidogo, usiogope.

Tuseme mpira ule una kilo 1 na umerushwa kwa mita 15 kwa sekunde (namba za kukisia tu). Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi mara kasi: unapata jouli 112 hivi. Sasa chukua risasi ya bastola ya milimita 9. Ina gramu 8 tu, lakini inatoka kwa takriban mita 360 kwa sekunde: jouli 500 na ushee. Ya AK-47, ile ambayo kwenye taarifa za polisi hapa kwetu huitwa SMG, inabeba kama jouli 2,000. Ya bunduki za NATO za 7.62x51 inapita 3,000. Na nishati yote hiyo inatua kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Novemba 2023, magari yalipoanza kukabidhiwa wateja, Tesla walionyesha video ya mlango ukimiminiwa risasi, zikiwemo za bunduki ya Thompson ya zamani ya sinema za majambazi. Inatisha kuitazama. Lakini Thompson inatumia risasi ya bastola, .45, nene, butu na ya polepole: kama jouli 550. Yaani kelele nyingi, ila tishio liko daraja la bastola. Na jukwaani, safari hii dirisha lilirushiwa mpira wa besiboli! Jamani.

Wanaofanya kazi hii kwa umakini hawasemi “risasi haipenyi” halafu wakaweka nukta. Kiwango cha Ulaya cha vioo, EN 1063, kinataja risasi gani, kasi gani, umbali gani na mara ngapi. Daraja la BR4 ni la bastola kubwa ya .44 Magnum, BR6 ni la bunduki ya 7.62x51 yenye risasi ya kawaida. BR7 ni la risasi hiyohiyo yenye kiini cha chuma kigumu. Kioo kinapigwa risasi tatu kwa pembetatu, sentimita 12 kati ya moja na nyingine, kwa sababu risasi ya kwanza ikishakivunja kioo, ya pili inakuta kazi imepungua. Ndiyo maana wauzaji wa magari ya deraya wanaongea lugha ya B4, B6 na B7.

Ila hapo pia kuna mtego. Cheti cha kioo si cheti cha gari. Gari lina maungio: kati ya mlango na nguzo, kwenye kitasa, ukingo wa dirisha. Ndiyo sababu taasisi za Ulaya zilizo chini ya VPAM hupima gari zima, na mlipuko una kipimo chake peke yake.

Kwa nini mlipuko upimwe peke yake? Novemba 30, 1989, Alfred Herrhausen, mkuu wa Deutsche Bank, aliuawa Bad Homburg, Ujerumani, akiwa ndani ya Mercedes ya deraya, na magari ya walinzi mbele na nyuma yake. Bomu lilikuwa kwenye baiskeli kando ya barabara, likalipuka gari lilipokata mwali wa mwanga. Lilikuwa na bamba la shaba ambalo mlipuko uliligeuza kuwa kombora, likapita mlangoni. Deraya yake haikuwa feki. Ilitengenezwa kwa tishio lingine.

Basi si tuchukue tu daraja la juu kabisa? Hapana. Land Cruiser ya B6 huongezewa uzito wa tani moja na zaidi. Breki, springi, shokomzoba na bawaba za milango visipoimarishwa, umenunua gari linalochelewa kusimama na kupinduka kirahisi kwenye kona. Na kwa joto la pwani yetu, matabaka ya kioo na plastiki ya polikaboneti hutanuka kwa viwango tofauti, mwishowe yanaachana na kioo kinaota ukungu na mapovu.

Na uchaguzi huanza kabla ya gari. Februari 22, 2021, kaskazini mwa Goma, balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo. Msafara wa WFP waliokuwa nao ulitumia magari ya kawaida, kwenye barabara iliyokuwa imeidhinishwa kupitika bila ulinzi. Uamuzi kuhusu tishio ulishafanywa mezani, kabla mtu hajawasha injini.

Kwa hiyo ukiona tangazo, au siku moja ofisi yako ikaagiza gari la aina hii kwa ajili ya watu wa mradi, uliza haya: Limepimwa kwa risasi ipi, kwa umbali gani, mara ngapi? Ni gari zima au kioo tu? Limeongezeka kilo ngapi, na breki zimebadilishwa? Sakafu je? Muuzaji akikujibu kwa video ya nyundo, msikilize kwa adabu, kisha omba cheti.