Ishara Isiyo na Sura: Uashiriaji katika Nguzo Isiyo na Mwisho ya Brancusi

Sanaa ya ukumbusho hutarajiwa kuwa na sura ya shujaa, silaha au jina. Nguzo Isiyo na Mwisho, iliyosimamishwa na Constantin Brancusi mjini Târgu Jiu, Romania, mwaka 1938, haina hata kimoja. Ni vipande 15 kamili vya chuma vilivyopangwa wima, kila kimoja kipana katikati na chembamba kwenye ncha, na kileleni pana nusu kipande. Urefu wake ni karibu mita 30. Hata hivyo, ilikusudiwa kuwakumbuka waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, hususan waliolitetea eneo hilo dhidi ya majeshi ya Ujerumani mwaka 1916. Je, umbo lisilofanana na mtu laweza kubeba msiba wa watu?

Ufasiri uliozoeleka huitazama nguzo peke yake: mrudio wa vipande ni ngazi ya roho, nayo nusu ya juu, kwa kukatika kabla ya kutimia, humwachia mtazamaji aikamilishe mwenyewe. Ufasiri huu una mashiko, lakini haujitoshelezi. Brancusi alikwisha kulichonga umbo hili kwa mti mnamo 1918, miaka mingi kabla ya kuombwa kazi ya Târgu Jiu. Maana ya msiba, basi, haimo katika umbo lenyewe.

Tunadai kuwa imo katika njia. Kazi nzima huanzia kando ya Mto Jiu, penye Meza ya Ukimya na viti 12 vitupu, ikapitia Lango la Busu, ikavuka mji hadi nguzoni. Anayeifuata hukuta kikao kisicho na watu, hupita langoni kama anayeaga, ndipo huinua macho. Nguzo ni kituo cha mwisho cha mwendo wa maziko.

Tulinganishe na sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928. Hizo zina sura na mavazi, lakini hakuna mmoja wao anayetajwa kwa jina. Uhalisia pekee, kwa hivyo, si dhamana ya kumbukumbu.

Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza kazi ya Brancusi katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hadhi hiyo italilinda umbo. Anayeifikia nguzo bila kuipita njia, wala kusimuliwa ya 1916, ataliona pambo tu.