Kupima Maji Yaliyotanda Angani

Karibu na Lamont, jimbo la Oklahoma, Wizara ya Nishati ya Marekani ina kituo kinachochunguza mawingu tangu 1992. Miongoni mwa vifaa vyake ni radiometa ya maikrowevu: sanduku lenye dirisha la kupitisha mawimbi. Halirushi chochote angani. Hupokea tu mnururisho hafifu unaotolewa na maji yaliyomo hewani.

Mnururisho wa mvuke hufikia kilele karibu na gigahezi 22.2. Ungetarajia mafundi walenge hapo. Wao huchagua 23.8, ubavuni mwa kilele, kwa kuwa hapo mvuke wa chini na wa juu huhesabika karibu sawasawa. Mkondo wa pili, 31.4, huhisi zaidi matone ya mawingu. Kwa namba hizo mbili hutenganishwa mvuke na maji ya wingu. Barafu karibu haionekani kabisa.

Ustadi wenyewe uko kwenye kuhakiki kipimo, nao unadai anga safi. Kioo kilichomo ndani huanza kwa kutazama utosini, kisha huinama hatua kwa hatua. Kikifika nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mawimbi yanayoingia yamepita kwenye hewa maradufu. Huinama upande mmoja, kisha upande wa pili, ili sanduku likiwa limelala kidogo, kosa la huku lifute la kule. Vipimo huchorwa kwa kufuata unene wa hewa. Mstari ukinyooka hadi sifuri, pale ambapo hewa ingekwisha na kubaki Kelvini 2.7 za ulimwengu wenyewe, kipimo hukubaliwa. Ukipinda, pengine kijiwingu kimepita, na zoezi zima hutupwa. Kisha huanza upya, usiku na mchana, hadi mistari mizuri itoshe.

Mvua nayo ina hila yake: maji yaliyobaki dirishani yanaweza kung'aa kuliko wingu zima. Kwa hiyo kuna feni ya kukausha dirisha, na data za wakati wa mvua huwekewa alama ya shaka.

Puto za hali ya hewa hurushwa hapo mara chache tu kwa siku. Radiometa husoma kila baada ya sekunde kadhaa. Vihisi vya puto vilipoonekana kutofautiana vyenyewe kwa vyenyewe kuhusu unyevu, watafiti wa kituo waliamua kurekebisha namba za puto zifuate za radiometa.