Nafasi Iliyobaki Ndani ya Ganda

Mwaka 1884 mkemia wa Kifaransa, Paul Vieille, alipata baruti isiyotoa moshi, na baada ya miaka miwili jeshi la nchi yake likawa na bunduki ya Lebel iliyoundwa kwa ajili ya baruti hiyo. Wanahistoria husimulia jinsi moshi ulivyotoweka kwenye viwanja vya vita. Mimi huvutiwa zaidi na kilichotokea ndani ya ganda la risasi, mahali ambapo jicho halifiki. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa dhaifu, hivyo ganda lilijazwa mpaka baruti ikagusa kitako cha kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka. Baruti mpya ilibeba nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Mtu aliyetaka nguvu ileile ya zamani kwenye ganda lilelile alitia baruti kidogo tu, na juu yake ikabaki nafasi tupu. Wako mafundi, hasa Marekani, Uingereza na Australia, ambao wameishughulikia nafasi hiyo kwa uangalifu ambao sijauona katika kazi nyingi zenye sifa kubwa kuliko yao.

Hawa ni walenga shabaha wanaojitengenezea risasi nyumbani, kwa mujibu wa sheria za nchi zao. Kwetu Afrika Mashariki kufanya hivyo bila leseni ni kosa la jinai. Mafundi hao huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyarudisha katika umbo lake, huweka fataki mpya kitakoni na kupima baruti kwa mizani midogo. Vichwa huvimimina wenyewe kwenye kalibu. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi; huchanganywa na bati ili yatiririke vizuri, na antimoni ili yakaze yakipoa. Kichwa kikishatoka kwenye kalibu hupakwa mafuta mazito ambayo mara nyingi msingi wake ni nta ya nyuki. Kazi hii ina ukoo mrefu. Huko Connecticut, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884, mwaka uleule wa Vieille, akauza kalibu, vyombo na vitabu vya mwongozo. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka 1925, na mpaka leo inauza kalibu.

Kichwa cha kumimina ni laini. Kikisukumwa kwa nguvu zote za bunduki ya kisasa, hushindwa kuifuata michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, nacho huacha ukoko wa madini njiani na kupotea shabaha. Risasi ya kijeshi ya .30-06, ambayo Marekani iliipokea mwaka 1906, hurusha kichwa chenye gamba la shaba kwa kasi inayopita mita 800 kwa sekunde. Fundi wa vichwa vya kumimina huridhika na mita 450 au 550. Bega haliumii, mtutu hauchakai upesi, gharama ni ndogo, na bunduki ya babu iliyokuwa imetundikwa ukutani hurudi uwanjani.

Wengi hudhani kupunguza nguvu ni jambo la kumwaga baruti kidogo na kuendelea na safari. Si hivyo hata kidogo. Risasi yenye nguvu kamili ina nidhamu yake yenyewe: ganda limejaa, baruti haina pa kwenda, na mlipuko wa leo unafanana na wa jana. Risasi iliyopunguzwa haina nidhamu hiyo mpaka fundi aipe. Baruti iliyochukua robo au theluthi ya ganda hulala upande wa chini bunduki inapolazwa, na moto wa fataki hupita juu yake. Mlengaji akiinua mdomo wa mtutu kabla ya kupiga, baruti hurudi nyuma kwenye fataki. Akiuinamisha, baruti hukimbilia mbele kwenye kitako cha kichwa. Uzito ni uleule, fataki ni ileile, lakini kasi zinatofautiana. Kwenye karatasi ya shabaha tofauti hiyo huonekana kama matundu yaliyopangana juu na chini badala ya kukusanyika mahali pamoja.

Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani huweka jani pana au kitawi juu ya maji ili yasiruke. Kijazio, yaani kitu chepesi kinachotiwa kwenye nafasi tupu ndani ya ganda, hufanya kazi hiyohiyo: hakiongezi nguvu inayotafutwa, hakirushwi kwa ajili ya kugonga kitu, huwekwa ili baruti itulie pale ilipowekwa.

Wazo lenyewe ni kongwe. Anayelijua gobori anajua kwamba baruti humiminwa mdomoni, kisha hushindiliwa kwa mdeki pamoja na kitambaa au nyuzi mpaka ikae, kwa maana baruti nyeusi iliyoachiwa nafasi ni hatari kwa mtutu. Jeshi la Marekani nalo lilipopokea risasi ya .45-70 mwaka 1873, lilikuta kwamba gramu nne na nusu za baruti nyeusi zilimpiga sana bega askari wa farasi mwenye bunduki fupi. Likapunguza baruti hadi takriban gramu tatu na nusu, na nafasi iliyobaki ikazibwa kwa karatasi ngumu. Hicho ni kijazio, kilichotoka kiwandani kwa idhini ya serikali.

Uingereza sababu ilikuwa nyingine. Kulikuwa na bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa enzi za baruti nyeusi, nzuri kwa mkono na kwa jicho, na mitutu yake ilikuwa imepatanishwa na mafundi ili yote miwili ipige mahali pamoja kwa kasi moja mahsusi. Kasi ikibadilika, mitutu huachana. Aliyetaka kutumia baruti mpya ndani yake alilazimika kuiga kasi ya zamani bila kuvuka shinikizo ambalo chuma hicho kingeweza kulistahimili. Baruti kidogo, ganda refu, nafasi kubwa. Hapo ndipo sufi ilipopata nafasi yake.

Ndiyo, sufi yetu ileile ya mito na magodoro, inayotoka kwenye maganda ya msufi. Nyuzi zake zina uwazi ndani na nta nje, ndiyo maana zamani zilijazwa hata kwenye makoti ya kuokolea maisha baharini. Fundi huhitaji kishungi kisichofika sehemu ya kumi ya gramu. Hukichambua kwa vidole, hukiingiza shingoni mwa ganda kwa kijiti, hukiacha kijitanue chenyewe kutoka juu ya baruti mpaka kitakoni mwa kichwa. Hakishindiliwi, wala hakiachwi na pengo mbele yake. Vidole ndivyo vinavyojua kiasi, na hapo naona ufundi halisi: mizani inaweza kusema kishungi kina uzito gani, lakini haiwezi kusema kama kimekaa sawa.

Wengine hutumia pamba ya poliesta ya mito ya kisasa, ambayo huenea vizuri zaidi. Wako pia wanaotia suji au unga wa mahindi. Mimi suji naiogopa. Ni nzito, hushikamana ikishindiliwa, huongeza shinikizo, na katika ganda lenye shingo nyembamba inaweza kukwama kama kizibo wakati gesi inasukuma kutoka nyuma. Kwenye ganda lililonyooka kuna waliofanikiwa nayo kwa miaka mingi, siwapingi. Sufi nayo ina lake: inaweza kutoka mdomoni ikiwa inafuka moto, na majani makavu hayahitaji zaidi ya hapo.

Lililo zito zaidi ni pete. Kijazio au kizibo kigumu kikilalia baruti na kuacha pengo kabla ya kichwa, hurushwa kwa kasi na kukigonga kichwa kwa nyuma kabla hicho hakijaondoka. Shinikizo hupanda ghafla mahali hapo, na chuma cha chemba hutanuka na kuacha uvimbe unaoonekana kama duara jembamba. Mtutu ukishapata pete haurudi ulivyokuwa. Mmarekani Charles Dell alilifanyia majaribio ya makusudi jambo hili, na mabishano aliyoyagusa bado yanaendelea kati ya watu wenye uzoefu mkubwa. Wapo wanaoapa kwamba hawatatia kijazio maishani, na wapo waliokitumia miaka yote bila kuona pete. Nimewasikiliza wote kwa heshima, kwa sababu kila upande umelipia maoni yake kwa mitutu yake yenyewe.

Msimamo wangu uko karibu na wa wenye hofu, ingawa nakisifu kijazio. Baruti ziwakazo upesi, zisizojali sana zimelala wapi ndani ya ganda, zipo, na anayeweza kupata shabaha njema kwazo hana sababu ya kutia chochote. Kijazio ni cha pale ambapo bunduki ya zamani au ganda kubwa halikubali njia nyingine. Hata hapo, baruti ikishapimwa pamoja na kijazio, hesabu za risasi isiyo nacho hazifai tena, maana shinikizo limebadilika. Hesabu hizo hutafutwa kwenye majedwali yaliyochapishwa na wenye vyombo vya kupimia shinikizo, wala hazikisiwi mezani.

Ewe uliye katika nchi inayokuruhusu kazi hii, andika juu ya kila boksi aina ya baruti, uzito wake, kijazio ulichotumia na tarehe. Risasi ambayo huna hakika kilichomo ndani yake usiipige. Ifungue, uimwage baruti, uanze upya.