Kuvu, Kuvumwani na Mwenyeji Wake: Uhakiki wa Rasimu ya Tafsiri

Tumeletewa kwa uhakiki rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa maabara uelezao namna ya kutambua kuvu ndogo sana ziotazo miongoni mwa mimea ya kijani itandayo juu ya mawe na udongo wenye unyevu. Kiswahili chake ni fasaha. Hata hivyo, mwalimu atakayeufuata hatafika kwenye jina la kuvu aliyoiokota, na sababu ni istilahi.

Tuitazame sentensi hii: "Uyoga mdogo wa rangi ya machungwa umeota juu ya kuvumwani." Jenasi inayozungumzwa ni Octospora, iliyopewa jina na Johann Hedwig mwaka 1789; maana yake ni spora nane, idadi ipatikanayo katika kila kifuko cha uzazi. Kuvu hii haina mwavuli. Ni kisahani chenye upana wa milimita chache tu. Kukiita uyoga ni kumfanya msomaji atafute umbo lisilokuwapo. Neno "kuvu" latosha.

"Kuvumwani" lina matata zaidi. Wako wafasiri walitumiao kwa mmea huo wa kijani, ilhali muundo wa neno wadokeza kiumbe kingine kabisa, yaani ule muungano wa kuvu na mwani ugandamao kwenye magome na miamba. Mmea wetu si kuvu wala si mwani. Tukisema "kuvu ya kuvumwani", mgeni na mwenyeji wamekwisha changanyika kabla hadubini haijaguswa. Pengine atatokea wa kupendekeza "mosi", lakini "Octospora ya mosi" itasomwa kuwa Octospora ya kwanza! Kwa sasa twapendelea "briofita". Lataja kundi pana mno, ni kweli, lakini jina la Kilatini la jenasi halina budi kuandikwa kando yake.

Twasema halina budi kwa kuwa kuvu hizi huchagua wenyeji. Octospora humosa huota pamoja na Polytrichum, na spishi nyingine nyingi nazo zina wenyeji wao. Mara nyingi nyuzi zake hushambulia vijizizi vya mmea ndani ya udongo. Hapo ndipo maneno "juu ya" yaletapo hasara: mwanafunzi atabandua kisahani peke yake na kumwacha mwenyeji, na sampuli ya namna hiyo huweza kumshinda hata bingwa. Yafaa isemwe "miongoni mwa", na iongezwe amri ya kuchimbua kipande kizima pamoja na udongo wake.

Kosa jingine lachekesha kidogo. Rasimu yamwagiza mwalimu atumie "pamba ya buluu". Pamba haitakiwi. Ni rangi ya maabara, ambayo ikiwa katika asidi ya laktiki hudhihirisha nakshi za ganda la spora, kama vile vinundu na wavu. Spora za Lamprospora kwa kawaida ni za mviringo na zenye nakshi, na za Octospora nyingi zina umbo la yai. Asiyeiona nakshi amekosa nusu ya ushahidi. Iandikwe "rangi ya buluu ya pamba".

Sentensi ya kwanza tumeiandika hivi: "Kuvu ndogo ya rangi ya machungwa, yenye umbo la kisahani, imeota miongoni mwa briofita wa jenasi Polytrichum." Sehemu ya vipimo vya mikroni hatukuigusa, kwani mfasiri ameifanya vizuri.