Wanasesere wa Karatasi na Mavazi ya Jukwaani

Mwanasesere wa karatasi ni kitu duni kwa thamani. Hukatwa kwa mkasi katika karatasi nzito, akasimama na nguo yake ya ndani tu, na mavazi yake hukatwa mbali naye. Kila vazi lina visikio vidogo mabegani na kiunoni. Ukivikunja nyuma ya mwili wake, amevaa, ukivikunjua, amevua. Mtoto wa miaka sita aweza kumvika malkia na kumvua kabla chai haijapoa. Huenda hiyo ndiyo sababu wahakiki wetu hawajajishughulisha naye, wakaona kuwa ni kazi ya watoto siku ya mvua.

Mimi pia nisingejishughulisha naye kama si kitabu kilicholetwa nyumbani kwa dada yangu mjini Thika, na jamaa yetu aliyetoka Marekani. Kilikuwa kitabu cha wanasesere wa kukata, lakini kila mwanasesere alikuwa mwanamume, na kando yake yamechorwa magauni, nywele za bandia, viatu vya visigino virefu na mapambo ya watu waliopata sifa kwa kuvaa na kucheza kama wanawake mbele ya hadhara. Wamarekani huiita sanaa hiyo dragi. Jina la kitabu halina haja hapa, maana viko vingi vya jinsi yake. Dada yangu alikitazama, akakifunga, akakiweka juu ya kabati. Binti yake, aliye kidato cha pili, alikishusha. Kisha nikaitwa niamue, kama ilivyo desturi ya kumwita mjomba pale mama na binti wasipopatana.

Sikuamua siku ile. Nilikichukua kitabu nikarudi nacho kwangu Ruiru, nikakaa nacho majuma mawili. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza yafaa tujue kuwa wanasesere hawa wana nasaba. Mwaka 1810, katika mji wa London, kampuni ya S. na J. Fuller ilitoa kitabu kidogo juu ya msichana aitwaye Fanny. Kichwa chake kilikuwa kipande kimoja, nacho kilichomekwa katika vazi moja baada ya jingine kadiri hadithi ilivyoendelea. Fanny alipenda kujipamba kupita kiasi. Akapotewa na nguo zake nzuri, akavaa matambara ya ombaomba, na alipokwisha kujirekebisha akarudishiwa hali yake. Katika hadithi hiyo vazi ni hukumu. Ukiona nguo ya msichana wajua tabia yake. Mwaka uliofuata kampuni ile ile ilitoa kitabu cha mvulana Albert, aliyevikwa mavazi ya watu wa michezo ya Shakespeare na ya watungaji wengine. Hapa jambo limegeuka kabisa. Mavazi ya Albert hayatuambii kama yeye ni mwema au mwovu. Yatuambia tu anacheza nani leo. Vitabu viwili vya duka moja, vilivyopishana mwaka mmoja, vyasema maneno mawili yasiyopatana juu ya nguo. Kitabu kilichowekwa juu ya kabati Thika ni mjukuu wa Albert, lakini dada yangu alikisoma kana kwamba ni mjukuu wa Fanny.

Sanaa yenyewe ni kongwe kuliko karatasi hizi. Katika Japani, mchezo wa kabuki ulianzishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Serikali ikawakataza wanawake jukwaani mwaka 1629, na baadaye wanaume watu wazima wakashika nafasi za wanawake, wakaufanya ujuzi wa maisha mazima: namna ya kutembea, ya kushika kipepeo, ya kugeuza shingo. Katika Uingereza hapakuwa na mwanamke mwenye kazi ya kuigiza katika majumba ya michezo mpaka mwaka 1660. Kwa hiyo wanawake wote wa Shakespeare waliandikwa wachezwe na wavulana.

Jambo hili mara nyingi darasani hutajwa kisha hupitwa, nalo halistahili kupitwa. Wengi wenu mwajua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Portia, bibi tajiri, avaa joho la mwanasheria kijana, aingia mahakamani, na hakuna amtambuaye, hata mumewe. Sisi twasoma tukiona matabaka mawili: mwanamke, na juu yake vazi la mwanamume. Mtazamaji wa zamani aliona matatu. Chini kabisa palikuwa na mvulana, juu yake gauni la Portia, na juu ya gauni joho. Mvulana alikuwa akiigiza mwanamke anayeigiza mwanamume, na ile hotuba ya rehema ilitoka chini ya matabaka yote hayo bila kupungua nguvu. Mtu akitaka kulielewa jambo hili upesi, asisome maelezo yangu. Akate mwanasesere mmoja, ampambe kwa mavazi mawili, moja juu ya jingine, amtazame.

Basi sifa ya kwanza ya kitabu kile ni kuwa umbo lake limeafikiana na jambo linalosemwa. Visikio havikufichwa. Mchoraji hakutaka tudanganyike kuwa huyu ni mwanamke. Ataka tuone kuwa vazi limevaliwa, na kwamba aliyelivaa yupo chini yake na uso wake ule ule. Nyuso zenyewe zimechorwa kwa uangalifu mwingi kuliko magauni. Hakuna hata mmoja aliyechorwa ili achekwe.

Nasema hivi nikijua wazi ninalolisema, kwa kuwa niliwahi kuwa miongoni mwa wachekaji. Nilisoma katika shule ya wavulana isiyo mbali na Thika. Mwaka mmoja tulitunga mchezo juu ya mama ambaye mwanawe amefukiwa katika machimbo ya mawe. Hapakuwa na msichana, kwa hiyo nafasi ya mama ilipewa mvulana wa kidato cha tatu, mpole, mwenye sauti ambayo haijavunjika barabara. Alikuja na leso na kitambaa cha kichwa cha mamake. Alipotokea jukwaani ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Hakufanya haraka. Aliketi juu ya kigoda, akaichukua shati ya mwanawe aliyekufa, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kicheko kikapungua, kikafa, na baadaye nikasikia watu wakipenga kamasi gizani. Sijaona uigizaji uliozidi ule, katika Thika wala Nairobi.

Kesho yake asubuhi aliitwa Mama kwenye foleni ya uji. Aliitwa hivyo mpaka alipomaliza kidato cha nne. Waliomwita walikuwa ndio wale wale waliolia, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata mwalimu alimwomba aigize tena, akakataa, akasema kuwa atabeba mapazia. Na mapazia aliyabeba.

Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja ninapomwona mwanamume jukwaani amevaa kama mwanamke: je, anamwigiza mwanamke au anamcheka? Runinga na simu zetu zimejaa wachekeshaji waliojifunga leso na kujaza mito kiunoni. Wengine ni mafundi. Joti wa Tanzania, kwa mfano, aweza kuwa kikongwe, bibi au kijana kwa kugeuza mabega tu, na nyuma ya kichekesho mtu huonekana. Lakini wengi hawana ila mto. Ukiutoa mto, mchezo umekwisha, maana walichoonyesha ni kuwa mwanamke ni mnene, ana kelele, na apenda pesa. Wanawake wetu wa soko la Ruiru, wanaoamka saa kumi za usiku kuyawahi magari ya mboga, wastahili kuigizwa na mtu aliyewatazama. Ni ajabu kuwa kichekesho cha namna hiyo hakimkasirishi mtu sebuleni, na kitabu kilichochora nyuso kwa heshima kikapandishwa kabatini.

Walakini kitabu kina kosa, nalo si dogo. Mavazi yake yote ni mavazi ya ushindi: hariri, manyoya na vito. Ukurasa mmoja ni wa William Dorsey Swann, mtu aliyezaliwa utumwani katika Maryland, ambaye katika miaka ya 1880 alikuwa akiwakusanya watu weusi wenzake mjini Washington, wengi wao waliozaliwa watumwa kama yeye, kwa karamu za dansi za wanaume waliovaa magauni. Yeye ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kujiita malkia wa dragi. Kitabu kimemchora na gauni lake la hariri ya rangi ya maziwa, zuri kweli kweli. Lakini tunalijua gauni hilo kwa sababu ya usiku wa tarehe 12 Aprili 1888, polisi walipovamia karamu yake. Swann alisimama akapambana nao, na gauni likachanika mwilini mwake. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo kwa shtaka jingine, akamwandikia Rais Cleveland kuomba msamaha, akanyimwa. Kuchora gauni zima na kuacha lililochanika ni kuadhimisha nguo na kumsahau mwenyewe. Kama ningekuwa mchoraji ningeyaweka yote mawili, na la tatu liwe nguo aliyovaa asubuhi alipokwenda kazini.

Kosa hili lina ndugu yake. Wengi wa waliotunza sanaa hii katika Marekani walikuwa wanaume waliopenda wanaume, na sheria za nchi yao ziliwaandama. Kumbi zao za dansi zilikuwa pahali pa kujificha na pa kujionyesha kwa wakati mmoja. Kitabu hakisemi neno juu ya hofu hiyo. Kwetu Kenya, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoadhibu mapenzi ya namna hiyo. Nadhani dada yangu alikuwa na habari za jinsi hiyo kichwani alipokiona kitabu, wala sikumlaumu kwa kuogopa. Mtoto anayekata karatasi chini ya meza ya mamake hana haja ya kutishwa, lakini msomaji wa kidato cha pili aweza kuelezwa kuwa furaha ya hariri ile ilinunuliwa ghali.

Nilipokirudisha kitabu Thika, nilimwambia mpwa wangu haya yote, kasoro habari ya mapazia, ambayo nilimwambia baadaye. Alinisikiliza, akauliza kwa nini hakuna mtu wa kwetu ndani yake. Nikamjibu kuwa aliyekichora hakuwajua. Akasema, "Basi tuchore, Mjomba. Tumchore nani?"

Nilifikiri kidogo, nikamsimulia habari za Mary Muthoni Nyanjiru. Yeye hakuwa mchezaji wa jukwaani, lakini alijua nguvu ya vazi kuliko wachezaji wengi. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, mwana wa Kambui, pahali pasipo mbali na Ruiru yetu. Miongoni mwa mambo aliyoyapinga ni kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na nchi hii ya Ruiru na Thika ilikuwa nchi ya kahawa. Siku mbili baadaye umati ulisimama mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Viongozi wanaume walikwenda kuonana na wakubwa, wakarudi, wakawaambia watu watawanyike. Nyanjiru akasimama, akalipandisha vazi lake mbele ya wote, akawataka wanaume walichukue gauni lake na wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele, na askari wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa katika waliokufa. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Mpwa wangu alichukua boksi la sabuni, akamchora upande wake mweupe. Uso ulimshinda mara mbili. Mara ya tatu ukakubali. Akachora gauni refu, akalitia visikio vinne. Kisha akachora suruali ya kaki, akaikata vizuri kando kando, akailaza mezani karibu na mwanasesere. Nilipoishika niliona haina kisikio hata kimoja, wala haiwezi kukaa mwilini. Nikadhani amesahau, nikampa mkasi.

"Sikusahau," alisema. "Hawakumpa."

Kitabu cha Marekani kimerudi juu ya kabati, na hushushwa mara kwa mara. Nyanjiru amebandikwa ukutani jikoni kwa gundi ya unga, na suruali ile kando yake. Dada yangu hupika chini yake kila siku, na bado hajamwondoa.