Chema Chajiuza, Lakini Kwanza Kifike

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wengi wanaoandika mtandaoni hapa Kakuma hawaamini tena maneno hayo. Wanasema siku hizi hata chema usipokitembeza kitaozea hapo hapo. Wana haki kiasi, maana makala haina miguu. Lakini nimesoma makala nyingi za wenzetu mwaka huu, na naona tumejifunza kutembeza kabla ya kuwa na bidhaa.

Tazama vichwa tunavyoweka. Kimoja kinaahidi kwamba utalia, kingine kinasema hutaamini. Unafungua, bando inakatwa, unakuta nini? Jua, vumbi, foleni, machozi, halafu "tunaomba dunia itusikie". Hakuna bei ya kitu, hakuna jina la njia, hakuna mtu anayesema hata sentensi moja jinsi watu wanavyosema. Ukitoa neno Kakuma ukaweka Dadaab au Nyarugusu, hakuna kitakachoharibika. Sasa mtu wa Kakuma aisome ya nini? Vumbi analo mlangoni. Na mtu wa mbali akishalia mara moja, kesho atarudi kutafuta nini?

Shida ni kwamba tunamwandikia msomaji tusiyemjua, tukimpita jirani tunayemjua. Semina zimetusaidia kwa mengi, sikatai. Lakini nyingine zinatufundisha picha ya mtoto, kichwa cha kuvuta, na mwisho wa mwezi kuhesabu waliobonyeza. Kubonyeza si kusoma. Mtu anayefungua mlango, akachungulia na kuondoka, hujamkaribisha.

Nisinyooshe kidole kwa wengine tu. Mimi mwenyewe niliandika kuhusu mama mmoja wa bloku yetu anayeuza mandazi. Mwezi ule aliuza sehemu ya mgao wake apate pesa ya kumpeleka mtoto kutibiwa. Nikaweka kichwa: "Mama Auza Chakula cha Watoto Wake". Kila neno lilikuwa kweli, na kichwa chote kilikuwa uongo. Watu walisoma jamani! Kuliko makala zangu zote za nyuma zikijumlishwa. Jina nilikuwa nimelibadilisha, lakini niliacha mandazi, niliacha mtoto mgonjwa, niliacha na bloku. Nani asingemjua?

Siku ya tatu nikapita kwake. Hakunipa kiti. Akasema, "Mwanangu, nilikupa chai, wewe ukaniuza." Usiku alikuwa halali, akiogopa kwamba mtu wa ofisi ataisoma na jina lake litafutwa kwenye mgao. Niliifuta makala ile ile jioni. Haikusaidia sana, kwa sababu watu walishapiga picha ya kioo cha simu na kurushiana kwenye magrupu. Na wale wasomaji wangu wengi? Nilipotoa makala iliyofuata, hawakuonekana. Walikuja kumtazama mama wa watu, hawakuja kunisoma.

Linganisha na makala ya dada mmoja kuhusu jerikeni. Ameandika jinsi zinavyopangwa bombani kabla ya alfajiri, kila moja ikimshikia mwenyewe nafasi: yenye kamba nyekundu, yenye kifuniko cha gunzi, na moja ya mzee ambayo hata mgomvi wa bloku haisogezi. Kichwa chake kilikuwa kifupi: "Jerikeni ya Mzee". Hakuna ahadi ya machozi. Nilimkuta kinyozi akiisoma kwa sauti, mteja ana povu kichwani, na watu wanabishana. Mmoja anasema bomba la kwao haliko hivyo, mwingine anasema mzee huyo anamjua. Kila aliyebisha alitaka kuituma kwa mtu mwingine amalize ubishi. Kihesabio cha mtandao kiliona simu moja tu pale, ya kinyozi. Masikio yalikuwa saba.

Huko mbali pia mambo ni hayo hayo. Behrouz Boochani, mwandishi wa Kikurdi kutoka Iran, alizuiliwa na Australia katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Aliandika kitabu kwa Kifarsi kwenye simu, akikituma kipande kwa kipande kwa WhatsApp mpaka kikatafsiriwa na kutoka mwaka 2018. Mwanzoni mwa 2019 kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Victoria, huko huko Australia, naye bado yuko kisiwani Manus. Jina la kitabu limetokana na msemo wa Wakurdi kwamba hawana rafiki ila milima. Hakuazima kichwa cha kuvuta. Alichukua neno la nyumbani kwao, na wageni wakalifuata.

Sasa njia ya kufikia wasomaji, kwa sisi wenye bando ya kupima. Weka jambo lenyewe katika mistari miwili ya kwanza, maana kwenye ujumbe mtu anaona hiyo tu kabla ya kuamua. Punguza picha. Makala ya maneno matupu hufunguka hata mtandao ukiwa unasuasua, na picha nzito humla msomaji pesa yake. Ukiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya walio mbali, sawa, lakini Kiswahili chako kisiwe mabaki ya tafsiri. Kiandike upya, kama unavyomwambia mtu. Isome kwa sauti kabla ya kuitoa. Ulimi ukikwama, na kinyozi atakwama. Usiitupe kwenye grupu la watu 200. Mpe mtu mmoja unayejua inamhusu, umwambie kwa nini. Na kama kuna mtu ndani ya makala, asikie kwanza yeye.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi nina neno kwenu. Mkituuliza tu "wangapi walifungua?", tutawaletea vichwa vya uongo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoleta namba. Tuulizeni pia: aliyeandikwa ameisoma? Aliituma kwa nani? Hayo ni magumu kuweka kwenye ripoti, najua.

Yule mama nilimrudia baada ya miezi. Nilikuwa nimeandika juu ya mafuta ya kupikia, jinsi bei ikipanda mandazi yanavyopungua ukubwa huku bei yake ikibaki ile ile, na jinsi wateja wanavyojifanya hawaoni. Nikamsomea yote kabla sijaitoa. Alinisahihisha bei mahali pawili, akaniambia nitoe sentensi moja inayomhusu mume wake. Nikaitoa. Kichwa alichagua yeye: "Andazi Limekonda". Halafu akaomba nimtumie, naye akaituma kwa dada yake aliye Nakivale, Uganda. Wiki mbili baadaye ikanirudia kwenye simu yangu kutoka kwa mtu nisiyemjua, na chini yake ameandika: hata huku kwetu limekonda.