Pongezi kwa Waliorejesha Doctor Who

Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kurushwa na BBC mnamo Novemba 1963, isingetazamika kwa ubora ilio nao leo kama si kwa mafundi waliotayarisha kanda na diski zake za kutazamia nyumbani, kazi iliyoanza mwaka 1983 kwa kanda ya Revenge of the Cybermen. Kufikia wakati huo kanda za awali za miaka ya 1960 zilikuwa zimeshafutwa, na zilizosalia zilikuwa hasa nakala za filamu ya milimita 16 zilizotengenezwa ili ziuzwe ng'ambo. Hadithi ya The Tomb of the Cybermen ilipatikana Hong Kong, na vipindi tisa vilivyotangazwa kupatikana mwaka 2013 vilitoka Jos, Nigeria.

Filamu hizo zilipigwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni, hivyo picha 50 za kila sekunde zikawa 25 na mwendo ukapoteza ulaini wake. Kwa mbinu iitwayo VidFIRE, kompyuta hukokotoa picha za katikati, mpaka mkono wa mwigizaji uteleze hewani kama siku ya kurekodiwa. La kustaajabisha zaidi ni hadithi ya The Mind of Evil ya mwaka 1971: vijidoa vya mawimbi ya rangi, vilivyonaswa bila kukusudiwa katika filamu nyeusi na nyeupe, vilisomwa kimoja kimoja, na vipindi vitano kati ya sita vikapata tena rangi yake. Uvumilivu huo ni wa kuheshimiwa sana.